Usimtume Baba Mdogo Kumchukua Lusajo

Kizwite, Sumbawanga
Jumamosi mchana, saa nane na nusu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha jikoni, miguu umeielekeza motoni, na uvimbe umepungua. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeimaliza, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na mvua za Tukuyu zimepumzika? Huku kwetu mvua imekata kabisa, sasa ni upepo na baridi. Asubuhi nanawa uso kwa vidole viwili tu. Mimi ni mzima. Lusajo naye ni mzima, nalisema mapema ili usishike kifua: anakula, analala, na mdomo wake umepona.

Bupe, mwanangu, msomee bibi yako polepole, kwenye sikio la kulia, na mkae wawili tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Baba Mdogo, na yeye akikupa uongee nami huiweka sauti ya juu mpaka wanaopita barabarani wanajibu salamu zangu. Haya ya leo siyo ya barabarani. Mama Sekela, yule wa Kyela anayeuza mchele sokoni hapa, anasafiri kesho kwa basi, na ameniahidi Jumatatu barua itakuwa mkononi mwako.

Ninachoomba ni kimoja. Baba Mdogo amenipigia akasema Alhamisi anakuja kumchukua Lusajo amrudishe nyumbani, na kwamba wewe umekubali. Mama, usimtume. Najua umesikia alipigwa. Ni kweli alipigwa, nami nitakueleza yote bila kupunguza. Lakini nikimpandisha Lusajo kwenye basi hilo najua anakwenda kukaa wapi, na wewe unajua.

Nakuandikia huku namsubiri. Saa nane kamili ametoka kwenda mashineni kusaga mahindi, nusu debe kichwani, peke yake. Mashine siyo mbali, ni robo saa kwa mwendo wake. Ni mara ya kwanza anatoka peke yake tangu wampige. Nimekaa mezani, mkono mmoja una kalamu, mwingine nimeukalia ili nisiinuke kumfuata. 

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Ulipomleta Lusajo kwangu miaka miwili iliyopita, miguu yako ilipoanza kukataa, nilikuahidi nitamtunza. Nilimtunza kwa kufuli. Nilikuwa namfungia ndani asubuhi nikienda kazini na kumfungulia jioni nikirudi. Nilimwachia chakula kwenye bakuli, maji kwenye dumu, na ndoo. Ukiniuliza kwenye simu anaendeleaje, nilikuwa nasema ametulia. Kwa kweli alikuwa ametulia.

Sikulaumu, Mama, usije ukalia. Nakumbuka siku wale watoto wa shule walipomvua shati wakamfukuza mpaka mtoni, nawe ukarudi umembeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na miwili, miguu yake inaburuza chini. Kesho yake chumba cha nyuma kikawekwa komeo. Wageni wakija tukawa tunasema Lusajo amelala. Miaka yote hiyo amelala. Nimekua nikijua kwamba hivyo ndivyo mtu wa namna yake anavyopendwa, na nilipomfungia hapa Kizwite niliona naendeleza kazi yako tu.

Sasa tazama kazi yangu mimi. Wewe huwaambia watu kanisani kwamba Atupele ni afisa. Ndiyo, ni afisa maendeleo ya jamii, na sehemu ya kazi hiyo ni kuingia nyumba kwa nyumba na daftari kuandikisha watu wenye ulemavu. Nawaambia wazazi msiwafiche watoto wenu, hata mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kwenda shule, ya kutibiwa, ya kukaa na wenzake. Nalisema vizuri, nina mifano, watu wananipigia makofi. Halafu jioni narudi nyumbani nafungua kufuli. Na hilo kufuli, Mama, kila asubuhi ni Lusajo aliyekuwa ananiletea. Nikimaliza chai namkuta amesimama mlangoni amelishika kwa mikono miwili, ananipa. Alidhani ni kazi aliyopewa ndani ya nyumba, kama mwingine anavyopewa kuchota maji. Nami nilikuwa namwambia asante.

Nilikuwa naogopa, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Niliogopa kazini wasijue. Niliogopa majirani. Unakumbuka nilipopangiwa Sumbawanga ulinipa Biblia mbili, moja ya kusoma na moja ya kuweka chini ya mto, kwa maneno ya uchawi tuliyokuwa tumeyasikia juu ya huku. Miaka sita nimekaa na Wafipa na kitu kibaya walichonifanyia ni kunijazia maharage mpaka nikakosa pa kuyaweka. Lakini hofu ukishaingia nayo mahali haitoki kwa sababu watu ni wema. Nilijibu salamu zao nikiwa nimesimama mlangoni, nikauziba mlango kwa mwili wangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu nikatumwa Muze, kule chini bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Barabara inashuka kwa kona, na mvua ikinyesha hakuna gari linalopanda. Nyumba ya nne niliyoingia ilikuwa ya mama mmoja anayeitwa Mama Edita. Akanikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Nikamuuliza kama hapo kwake kuna mwenye ulemavu. Akasema hakuna. Nikawa nageuza karatasi, ndipo nikasikia chumba cha nyuma mtu anagonga ukuta, mara mbili, ananyamaza, tena mara mbili. Lusajo hugonga hivyo hivyo akisikia sauti ya mgeni. Nikamtazama Mama Edita, naye akanitazama, na nikaanza hotuba yangu. Aliniacha nikamaliza yote. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada afisa, angekuwa wako, ungemtoa nje watu wamcheke?"

Nikamjibu, "Ningemtoa." Sikupepesa hata jicho.

Mvua ikashuka papo hapo. Saa nane dereva wetu akaja amelowa, akasema kuna lori limelala kwenye kona, njia imeziba, tusahau kupanda leo. Mama, sijui nikuelezeje. Nilihesabu alichobaki nacho Lusajo ndani: wali wa asubuhi, ambao huumaliza kabla sijafika kituoni. Giza litaingia, hajui kuwasha taa, na akiogopa hujipigiza kichwa ukutani. Nilikuwa na namba moja tu ya jirani, ya Mama Leokadia, kwa sababu ndiye aliyezidi kuniletea hayo maharage. Mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, pale mlangoni nilipokuwa nimekaa na mwenye nyumba. Ikabidi nipigie hapo hapo, anasikia.

"Shikamoo, Mama Leokadia."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nimekwama Muze. Naomba uvunje mlango wangu. Mdogo wangu yumo ndani, nimemfungia."

"Nani, Lusajo?"

Nilikuwa sijamtajia mtu yeyote Kizwite jina hilo, Mama, hata mara moja.

"Lusajo yupo hapa kwenye dirisha lenu anabishana na mume wangu habari za kuku," akasema. "Sisi humsalimia kila siku ukishaondoka. Huo wali wako haumfikishi popote, mchana mimi humpitishia ugali kati ya nondo za dirisha."

"Sasa kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Ni wewe ulikuwa hujatuambia. Tulidhani unatuogopa."

Nikamwambia vunja, akasema haya, nikasikia anamwita mumewe alete nyundo, kisha nikasikia chuma. Na sauti ya Lusajo, karibu kabisa na simu sasa, inauliza, "Dada anarudi?"

Nilipokata simu Mama Edita alikuwa ameinama anatazama miguu yake. Hakunisuta, na alikuwa na haki yote ya kunisuta. Aliinuka akaenda nyuma, nikasikia komeo, akarudi ameshika mkono wa binti wa miaka kama kumi, shingo imeinama upande, anafumba macho kwa sababu ya mwanga. Akasema, "Huyu ndiye Edita." Watu wa kijiji kizima walikuwa wanamwita yule mama kwa jina la mtoto ambaye hawajawahi kumwona. Tukakaa watatu tukaota moto. Nikafungua daftari, na kabla ya Edita nikaandika kwanza Lusajo, umri miaka ishirini na sita, anaishi na dada yake.

Niliporudi kesho yake mlango wangu haukuwa na kitasa, komeo limekunjwa, na Lusajo alikuwa amekaa uwanjani kwa Mama Leokadia anapukuchua mahindi. Hakuinuka kunipokea. Alinuna siku tatu. Sikujua kwamba Lusajo anaweza kuninunia, maana kununa ni lazima uwe na mahali pengine pa kukaa.

Toka hapo kila ninapokwenda kazini yeye anakwenda shambani na Mama Leokadia na mumewe, Mzee Pius. Mama, ungeona wanavyolima hawa. Siyo kama sisi na migomba yetu. Mvua zikikaribia kuisha wanafyeka majani, wanayarundika mafungu mafungu ya duara, wanafunika na udongo juu, majani yaozee humo ndani yawe mbolea. Wanaalikana, leo kwangu kesho kwako, na kila mtu anashika mstari wake. Lusajo wakampa kuweka majani. Siku ya kwanza nilikwenda naye nikakaa pembeni nimeshika mkoba. Kuna kijana mmoja akauliza kwa sauti kama taahira naye anahesabiwa. Mzee Pius hakugombana, alisema tu, "Mstari wake ni ule pale, wa kwako uko wapi?" Wengine wakacheka, na kijana akarudi kwenye jembe lake.

Ni mpole kazini, yaani anachelewa. Tuta lisipokuwa duara sawasawa hakubali udongo uwekwe. Wanamtania, "Lusajo, hilo ni tuta au unajenga nyumba?" Naye anajibu baada ya muda wake, wakati wenzake wameshasahau swali, "Nyumba." Wanacheka mpaka wanaketi. Na siyo kwamba ni malaika, usidanganyike. Anakasirika, anatupa vitu, ukimharakisha anakaa chini hainuki. Lakini wamemzoea, wanamwacha akae, akichoka kukaa anainuka.

Sasa nije kwenye lililokutisha. Kazi ikiisha, Mzee Pius ana desturi ya kuwapitisha watu wake kwenye duka la jirani na shamba na kuwaambia kila mtu achukue soda. Yeye anabaki nyuma kumalizana na mwenye duka. Lusajo hakuwahi kuona hayo ya nyuma. Alichoona ni kwamba ukishafanya kazi unaingia dukani unachukua soda, unatoka. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, alifagia uwanja wangu, akafagia wa Mama Leokadia, akafagia na njia mpaka barabarani. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza akaweka ufagio, akaenda kwenye duka jipya lililofunguliwa njia panda, ambako hakuna anayemjua, akachukua soda yake akatoka.

Mwenye duka akapiga ukelele wa mwizi. Wewe unajua neno hilo linavyoita watu. Vijana wa bodaboda walikuwa pale pale. Lusajo alipoona wanakuja wanakimbia alidhani ni mchezo, akawa anacheka, na kile kicheko kikawazidishia hasira. Walimpiga mdomoni, akaanguka. Mimi nilikuwa nafua, nikasikia kelele, nikajua. Sijui nilijuaje. Nikakimbia na mapovu mikononi. Nilipofika kwenye kona nikawaona, duara la watu, na mmoja ameokota tofali, na chini nikaliona shati la Lusajo la kijani.

Mama, nilisimama. Hili ndilo linaloniamsha. Nilisimama pale kwenye kona, miguu ikagoma, sauti ikagoma, na kichwani lilipita wazo kwamba watu wote hawa sasa watajua ni wangu. Ni muda mfupi tu, pengine wa kuvuta pumzi mara tatu. Lakini nilisimama, mimi dada yake.

Aliyemfikia ni Mzee Pius. Alitoka upande wa pili, mzee wa watu na fimbo yake, akaingia katikati akaketi chini kabisa kwenye vumbi, akampakata Lusajo kichwa. Akasema, "Huyu ni mtu wa shambani kwangu. Mwenye tofali aanze na mimi." Ndipo na mimi miguu ikafunguka. Nikapenya nikasema ni mdogo wangu, nikasema tena na tena, hata baada ya kila mtu kuelewa. Tofali likawekwa chini. Mwenye duka akaja baadaye nyumbani kuomba radhi na kreti ya soda, na Lusajo akakataa kuigusa.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nakunywa chai nijiandae kwenda kazini. Nikaona Lusajo amesimama mlangoni. Sijui alilitoa wapi, nilikuwa nimelitupa chini ya kitanda nyuma ya masanduku, lakini alikuwa amelishika lile kufuli kwa mikono miwili, mdomo umevimba. Akanipa. Akasema, "Dada, funga."

Nilifunga. Nilimwomba Mungu anisamehe nikafunga, kwa sababu nami ndicho nilichokuwa nakitaka. Nililipachika kwenye lile komeo lililokunjwa nikaenda ofisini nikakaa mbele ya makaratasi, sikuandika hata mstari mmoja. Saa tano nikarudi. Alikuwa amekaa kitandani amevaa viatu vya shambani, ametazama ukuta. Dirishani alikuwapo Mama Leokadia, ameshika nondo, anamwongelesha, naye hajibu. Alikuwa amerudi kuwa Lusajo wa chumba cha nyuma, yule aliyelala. Nikafungua, na sijafunga tena. Lakini wiki mbili nzima aligoma kuvuka uwanja, mpaka leo alipobeba mahindi mwenyewe akasema anakwenda kusaga.

Sasa ni saa tisa na robo. Nimeshainuka mara mbili nimefika mlangoni. Angekuwa ameshafika.

Mama, usidhani nakuandikia kwa sababu nina uhakika. Sina. Naogopa bodaboda, naogopa mashine yenyewe na ule mkanda wake unaozunguka, naogopa mtu mgeni asiyemjua, naogopa kicheko chake. Naogopa pia kwamba atakapopigwa tena nitasimama tena kwenye kona. Baba Mdogo aliponiambia, "Kwetu angalau atakuwa salama," moyo wangu ulitaka kusema ndiyo, mchukue, ili mimi nilale. Ungekuwa usingizi wangu, Mama, siyo usalama wake. Kule nyuma alikuwa salama miaka kumi na miwili na hakuna siku aliyotushukuru. Hapa amepigwa mara moja, na leo ametoka.

Mwambie Baba Mdogo kwa heshima zote kwamba siyo kiburi. Najua anatupenda, na najua yeye ndiye aliyejenga kile chumba. Akitaka kuja Alhamisi aje, nitamchinjia kuku, lakini asije na nafasi mbili za kurudi kwenye basi. Na kama miguu yako itakuruhusu, aje na wewe. Kaa hapa hata wiki moja. Umwone akienda na kurudi, uogope pamoja nami, maana kuogopa peke yangu kumenichosha.

Saa tisa na dakika arobaini. Mama Leokadia amepita sasa hivi kutoka upande wa mashine. Nimemuuliza kabla hata ya kumsalimia. Anasema amemwona, foleni ni ndefu, watu wamemruka. Nikamwambia nakwenda. Akaniambia, "Nimeshamwambia twende wote, amekataa. Amesema anakuja mwenyewe. Wewe unataka kwenda kumwambia nini?" Nimerudi kukaa.

Basi nimalizie salamu wakati mkono bado unaandika. Nisalimie kaka yangu mkubwa, baba yake Bupe, na shemeji, na mwambie shemeji kitambaa alichotaka nimekipata. Nisalimie shangazi wa kule juu kwenye chai, na mchungaji wetu, ambaye nina neno naye, kwa nini miaka yote hajawahi kuuliza mtoto wa mwisho wa nyumba yetu yuko wapi siku za Jumapili. Baba Mdogo na Mama Mdogo, shikamooni wote. Bupe, wewe nakubusu, na usiruke hata mstari mmoja kwa kuwa bibi ananyamaza. Akinyamaza msubiri, kisha endelea.

Saa kumi na nusu.

Mama, nilikuwa nimeshaikunja barua. Amefika.

Nimemwona kutoka mbali nikajizuia nisikimbie, nikajifanya naanua nguo. Unga mpaka kwenye nyusi. Ameutua mfuko, akashika kiuno. Nikamuuliza mbona amechelewa. Akakaa muda wake, akasema, "Watatu wamenipita. Nikasema, zamu yangu." Nikamuuliza, wakafanyaje? Akasema, "Wakanipisha." Basi. Akaenda kunawa.

Nikawa nimekaa nalitazama hili karatasi, kurasa zote hizi, mimi nasema, Baba Mdogo anasema, wewe unasema, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Nikamwita. Nikamwambia Baba Mdogo anataka kuja Alhamisi kumpeleka nyumbani Tukuyu, yeye anaonaje. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikaanza kudhani hakuelewa na nikataka kumsemea. Nikaziba mdomo wangu kwa mkono.

Akasema, "Kwa Mama nitakwenda. Chumbani sitaki."

Nikasema nitakuandikia hivyo. Akaja akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza, akaniambia nisiongeze kitu.

Mwanao,
Atupele